Nyumba ya Herufi za Kijani

Kompyuta kuukuu iliguna, ikanyamaza, ikaguna tena. Josephat fundi aliichomoa ile diski nyeusi ya mraba, akaipuliza vumbi, akairudisha.

"Mama Winnie, sikufichi," alimwambia Teodora. "Hii imechakaa. Ikisoma leo, shukuru. Kesho sidhani."

"Huwezi kuihamishia kwenye nyingine?"

"Nimejaribu wiki nzima. Inakataa."

"Basi isome leo," alisema Teodora.

Mlango ulibishwa taratibu.

"Hodi humu."

"Karibu, mzee."

Mzee aliingia akiinama kidogo, kofia mkononi, kama alivyoingia kila asubuhi. Josephat, ingawa naye alikuwa na upara na wajukuu wawili, alisimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Kisha akamgeukia Teodora. "Nimekuja tena kukusumbua, mama. Ule mchezo upo?"

"Upo. Kaa."

Kaijage, mume wa Teodora, aliutunga mchezo huo zamani, wakati kompyuta chache za Mwanza zilikaa ofisini zimefunikwa vitambaa kama maiti. Hii aliinunua kwa mapadri waliokuwa wanarudi kwao. Ilikuja na michezo isiyokuwa na picha wala milio, maandishi matupu. Mashine inakuambia uko wapi, wewe unaandika unachotaka kufanya, nayo inakujibu. Yote ilikuwa ya Kiingereza. Kaijage alizunguka kwenye mapango ya Wazungu mpaka akachoka, akaamua kutunga wake wa Kiswahili. Katika mchezo wake unapanda kivuko Kamanga, unavuka maji, unapita kati ya mawe ya Ilemela, unatafuta njia ya kwenda nyumbani.

Herufi za kijani zilijitokeza kwenye kioo. Mzee akaanza kuandika kwa vidole viwili, upesi, bila kuzitafuta herufi.

PANDA KIVUKO. SHUKA. FUATA MAWE.

Kwenye mchezo, mbwa alitokea njiani. Mzee akampa samaki.

"Huyu nilishawahi kukutana naye?"

"Jana," alisema Teodora.

"Basi hakushiba."

Josephat alicheka. Teodora hakucheka. Alikuwa na haja moja tu. Ndani ya nyumba ya mwisho ya mchezo kulikuwa na maneno machache ambayo Kaijage alimwandikia yeye. Aliyajua yote kichwani. Alitaka mzee afike huko mwenyewe, bila kuonyeshwa, ayasome kwa sauti yake, walau mara moja. Lakini kila asubuhi mzee alikwama mlangoni.

Kioo kikaandika: *Uko mbele ya nyumba, Pasiansi. Taa inawaka. Ndani mwanamke anachambua dagaa, anaimba.*

"Mwanamke huyu ni wewe?" mzee aliuliza.

"Ni mimi."

"Na aliyetunga ni mumeo?"

"Ndiye."

"Yuko wapi?"

Teodora aliikunja kanga yake magotini, akaikunjua. "Aliondoka kidogo kidogo."

"Ugonjwa?"

"Ugonjwa."

"Pole sana, mama." Alisema kwa dhati. Akarudi kwenye herufi zake.

PIGA HODI.

*Nyumba iko kimya. Wewe si mgeni hapa.*

PIGA HODI.

*Nyumba iko kimya. Wewe si mgeni hapa.*

"Mashine haina adabu," alisema mzee. "Mtu anabisha vizuri, anajibiwa hivyo."

"Mzee, si uandike tu..." Josephat alianza. Teodora alimtazama, naye akayameza maneno yake.

Diski iliguna, safari hii kwa muda mrefu. Herufi zilitetemeka kwenye kioo. Teodora hakuweza kuvumilia tena.

"Andika INGIA, mzee. Ingia tu."

Mzee aliondoa vidole kama mtu aliyegusa sufuria ya moto. "Humu? Mwanamke yuko peke yake humu. Mumewe akinikuta, nitamwambia nini?"

"Hatakasirika."

"Wanaume unawajua wewe? Mimi ningekasirika."

"Tafadhali, mzee. Ingia."

Alimwangalia Teodora kwa muda, akayaona macho yake yamelowa. Ni wazi hakutaka kumuudhi mama wa watu. Akakisogeza kidole polepole, akabonyeza I. Akabonyeza N.

Kioo kikazima. Mstari mmoja wa kijani ulibaki katikati, ukafifia, ukapotea.

Josephat alichomoa diski, akaichomeka, akagonga mashine ubavuni, akajaribu tena na tena. Hakuna kilichosikika. Mwishowe alikusanya bisibisi zake bila kumtazama mtu.

"Pole, mama Winnie," alisema, akatoka.

"Ni mimi nimeiharibu?" mzee aliuliza.

"Hapana. Ilikuwa imechoka."

"Alikuwa na akili, mumeo. Na alikupenda. Inaonekana alivyokuandika."

"Ndiyo."

"Ningependa kumfahamu."

Teodora alikwenda jikoni, akakaa huko kitambo na bomba limefunguliwa. Alirudi na ugali na samaki, akamchambulia mzee miiba. Walikula. Jua lilipopanda juu ya mawe na bati likaanza kulia kwa joto, mzee akawa anasinzia kitini, kidevu kifuani.

Teodora alimshika mkono, akamwongoza chumbani. Akamvua viatu, akamlaza upande wake wa kitanda, ule wa ukutani, anaoulalia tangu walipooana.

"Asante, mama," alisema Kaijage.