Zamda Amlishe Mama Mkwe

Siku hizo kila nyumba ilikuwa na orodha yake ukutani, nayo ilijiandika yenyewe alfajiri, ikataja nyumba itahitaji nini siku ile. Ikiandika mapipa yajazwe maji, basi mchana bomba linakauka. Haikuwahi kukosea.

Asubuhi moja Bi Mwajabu aliisoma, akairudia. "Mchana, Zamda amlishe mama mkwe."

"Makubwa haya!" akacheka. "Kwani mikono yangu inaenda wapi?"

Akataka kujua. Akatunga uzi kwenye sindano, ukapita mara ya kwanza. Akakalia mbuzi, akakuna nazi mbili bila kujikwaruza kidole. Kisha akaingoja adhuhuri kama mtu angojaye mgeni asiyemjua.

Zamda, mke wa mwanawe, akaja na wali, na kijiko. Bi Mwajabu akanawa, akafinyanga tonge.

"Liache, mama."

"Mwanangu, mimi mzima! Nazi hiyo nimeikuna mwenyewe."

"Najua, mama. Lakini imeandikwa."

"Na tusipofanya?"

Zamda akautazama ukuta. "Sijui. Sijasikia nyumba iliyojaribu."

Bi Mwajabu alitamani sana kujaribu. Lakini aliona Zamda ameshajaza kijiko na macho yake hayabanduki ukutani, akamhurumia, akafungua kinywa.

Hata hajameza, mstari ule ukafutika, ukaja mwingine bila kungoja alfajiri. "Jioni, Zamda amwogeshe mama mkwe."

Zamda akainuka kwenda kubandika maji. "Unapenda ya moto, mama, au ya vuguvugu?"