Saa Moja ya Nyongeza

Gwilym aliposhusha darubini, njia ya mchangani waliyojia kisiwani yeye na mkewe ilikuwa imefunikwa na bahari. Sili, wale wanyama wa baharini wenye masharubu, walikuwa wakiogelea juu ya nyayo za wawili hao.

"Si ulisema njia inafungwa saa tisa?" alimfokea mkewe.

Alimpokonya jedwali la nyakati za maji kujaa na kupwa. Kando ya saa nane, kalamu ya mkewe ilikuwa imeongeza saa moja, kama afanyavyo kiangazi, saa za nchi zikiwa zimesogezwa mbele kwa saa moja. Lakini nchi nzima ilizirudisha nyuma Jumapili iliyopita; njia ilifungwa saa nane ileile.

"Miaka thelathini tunahesabu ndege hapa, leo ndiyo umesahau?"

"Nani kakwambia nimesahau?"

Bata bukini walitua kwa kelele, kundi la kwanza la msimu. Mkewe hakuwatazama. Alitoa mkobani blanketi, mikate ya jibini ya watu wawili na chupa ya chai, akajaza vikombe viwili bila kumwaga hata tone.

"Nyumbani nikiuliza tu, unakimbilia bandani. Haya, mzee wangu, kimbia. Tuna masaa matano kabla maji hayajapwa. Itoe hiyo barua ya hospitali uliyoificha kwenye kitabu chako cha ndege, unisomee."