Mdhamini wa Maige

Usigeuze uso. Ulikuwepo pale Isaka wakopeshaji wa kausha damu, wale wa riba za kunyonya, walipoitoa cherehani ya Mama Coletha hadi barabarani, ukajifanya unasoma simu. Sisi majirani hatusahau.

Deni halikuwa lake. Alimdhamini Maige, kijana wa bodaboda, apate mkopo wa pikipiki. Maige akayapeleka marejesho kwenye kubeti.

Cherehani ilitoka na suruali ya shule ya mtoto wa watu ikiwa bado imebanwa chini ya sindano, mguu mmoja ukiburuta vumbi.

Maige aliutazama ule mguu wa suruali. Akavuka barabara, akaweka ufunguo wa pikipiki juu ya cherehani.

"Mdaiwa ni mimi. Chukueni pikipiki, mama muacheni."

"Abiria utawabeba mgongoni?" wenzake wakamcheka kutoka kijiweni. Wakopeshaji wakachukua ufunguo, wakaondoka na pikipiki.

"Shikamoo, mama," Maige akamwambia Mama Coletha. Tangu marejesho yakatike, mama alikuwa haitikii salamu yake.

"Marahaba," akajibu. "Kukudhamini tena, bado sana. Shika upande huo, tuirudishe ndani."

Na wewe unayesoma, yupo aliyeweka jina lake kwa ajili yako. Inuka sasa hivi, uwahi mlangoni kwake kabla ya wakopeshaji.