Dalali Hamharibii Mwenzake

Mauzo ya nyumba ya marehemu yalivunjika asubuhi, mnunuzi alipogundua kuwa watoto wa mke mdogo hawakutia saini. Dalali Mwanahawa akajibwaga barazani, miguu imemvimba kwa kutembeza wateja.

Dalali mwenzake, Sefu, akanyoosha mkono. "Lete ufunguo, dada. Nimepata mjane, mgeni wa mji. Kaja na mafao yote ya mumewe, na hajui lolote."

"Na wale watoto?"

"Akishalipa, watajuana huko huko. Usinitilie mchanga kitumbua changu. Dalali hamsemi mwenzake kwa mteja, ndio mwiko wetu."

"Ndio mwiko wetu," Mwanahawa akaitikia kwa uchovu, akampa ufunguo.

Sefu alipokwenda kumpokea mjane, Mwanahawa aliazima brashi na kopo la rangi nyekundu kwa fundi jirani, akaukabili ukuta wa mbele wa nyumba hiyo aandike maneno ambayo kila mji unayajua: NYUMBA HII HAIUZWI.

Alikuwa amemaliza mawili alipomsikia Sefu kwenye kona, na sauti ya mwanamke ikiuliza kwa furaha kama uani kuna nafasi ya kufuga kuku.

Mwanahawa akachovya brashi.