Hasimu wa Toleo la Nne

Refa aliingia ofisini bila kubisha hodi, akaitua mashine ya gemu mezani kama mtu anayetupa panya aliyeoza.

"Shikamoo, mjomba," binti wa dada yake alisema, akiwahi kikombe chake cha chai kisimwagike.

"Marahaba. Jina langu litoke humu leo hii. Nimechafuka."

Binti huyo ndiye aliyeongoza utengenezaji wa ile gemu ya ngumi. Kila toleo lilifunguka kwa jina la mjomba wake, refa mstaafu asiyewahi kula rushwa, na mzee hakuwa na mali nyingine isipokuwa jina hilo. Mzee ndiye aliyemfunza adabu Kunguru, hasimu wa shujaa katika gemu hiyo. Toleo la kwanza alitaka Kunguru ainame kusalimu. La pili, amwinue aliyeanguka. La tatu, Kunguru aliukataa mkanda wa ubingwa kwa sababu mwenzake aliumia jicho. Watu wakampenda hasimu kuliko shujaa.

Toleo la nne, mzee alipewa akalijaribu nyumbani kabla halijauzwa.

"Mwanzoni alikuwa muungwana wangu yuleyule," alisema akichomeka waya. "Sasa tazama uchafu!"

Akashika padi ya kuchezea, akacheza upande wa shujaa. Kunguru aliinama kusalimu. Shujaa naye alipoinama, alikula goti la uso. Akaanguka. Kunguru akamkanyaga shingo, akamtemea mate.

"Umeona? Aliyelala anakanyagwa! Hata mbwa humwacha mwenzake akilala chali. Natamani kutapika."

"Endelea kidogo, mjomba."

Raundi ya pili Kunguru aliteleza, akapiga magoti. Kengele ikalia. Kisigino cha shujaa kikamshukia kisogoni, kikamrudia tena.

"Mjomba, kengele imelia."

"Kwa huyu? Mshenzi hapigiwi kengele."

Binti alikuna kichwa. "Nani mwingine ameicheza huko nyumbani?"

"Aicheze nani? Naifungia chumbani kwangu. Hata wajukuu hawaigusi. Niwaache waambukizwe ushenzi?"

"Hakuna mwingine kabisa?"

"Mwanangu, mimi si mtoto wa kuulizwa mara mbili." Mzee aliibwaga padi, sauti ikipanda. "Umleavyo ndivyo akuavyo! Kunguru nilimkabidhi kwenu na heshima zake. Nani kamfundisha haya? Nitajie, nikamtazame usoni, halafu tuone kama jina lake litakaa pamoja na langu."

Binti aliizima skrini. Alikitazama kikombe chake, si uso wa mjomba wake.

"Toleo hili halina mwalimu, mjomba," alisema polepole. "Kunguru huanza na adabu ulizompa wewe, kisha humwiga yule anayepigana naye."