Kadi ya Nge

Tulikaa mkeka mmoja, mie na wifi yangu, barazani kwetu Temeke, tukigawana kadi za mchezo tulioubuni wenyewe. Unachagua moja, zilizobaki unampa mwenzio, naye anachagua.

Wifi siku zote hukimbilia simba. Mie naanza na wadogo, nge na siafu, kwa sababu simba asiye na kadi za nyama hana kazi.

Kadi tulizikata kwenye mialiko ya harusi za watu zilizokwisha pita. Mbele tulichora wanyama, nyuma tukabandika karatasi ya kaki ili mtu asiitambue kadi ya mwenzie. Safari hii kumi mpya alizitengeneza yeye peke yake.

Kaki ya nge ilikuwa haijashika vizuri. Nikaibandua kwa ukucha, taratibu, uji wa muhogo ukinata kidoleni, na maandishi ya dhahabu yakatokeza: harusi ya kijana wao Twalib Marijani, Jumamosi, 14 Agosti 1993.

Jina kamili la mume wangu. Na Jumamosi yenyewe ni kesho kutwa.

"Mbona unachelewa, wifi?" akauliza, macho kwenye kadi zake.

Asubuhi alikula chapati zangu. Jana alinisuka nywele.

Mkononi nilikuwa na simba, yule aliyekuwa akimsubiri tangu tuanze. Nikamwekea mapajani. Nge nikamlaza mkekani, dhahabu juu.

"Simba mchukue," nikamwambia. "Halafu nenda kamwite kaka yako."