Betri ya Chumba cha Mzee

Nikutegee kimoja kabla hujaketi sawasawa. Hushiba jua na hana tumbo. Akifa, huwezi kumjua kwa kumtazama usoni. Ni nani huyo? Fikiri taratibu, mimi siendi popote. Binti mmoja aliyeajiriwa kwenye duka la sola alikuwa nao wanne wa aina hiyo nyuma ya kaunta, wamepangwa kama wageni wa heshima, wa buluu, wanang'aa.

Lebo zao alizibandika yeye mwenyewe jana yake. Ndani ya yale maboksi mapya mlikuwa na betri kuukuu, zilizong'olewa kwenye minara ya simu.

"Hizi ziishe kabla ya Ijumaa," mwenye duka alimwambia, "au utaondoka pamoja nazo." Kisha akaenda kupokea mzigo. Mtu yule, mwanangu, angeweza kukuuzia kivuli chako mwenyewe na ukamshukuru.

Asubuhi hiyo aliingia mteja mmoja, shati limenyooshwa kwa pasi, sauti ya chini kama ya mtu aliye wodini. Alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Dada, nataka sola ya kuendesha mashine moja tu. Ya kumsaidia baba yangu kupumua. Nesi ameandika wati zake hapo."

Binti alisoma. Wati mia tatu na hamsini.

"Na taa je? Televisheni?"

"Taa tutajua wenyewe. Ni mashine tu. Mzee yuko kwa dada yangu mjini, kwenye umeme, lakini kila siku analilia shamba lake. Sasa ni zamu yangu kumtunza. Dada amegoma kumtoa mpaka aone betri ya kubeba usiku mzima, na risiti yake. Yule ukimwambia mvua inanyesha, lazima atoke nje akaiguse."

Binti alicheka kidogo. Kicheko hakikufika mbali.

"Na akikosa hiyo mashine inakuwaje?"

"Dakika kumi tu, midomo inageuka rangi. Zikizidi hapo..." Aliikunja karatasi yake, akairudisha mfukoni.

"Basi muwe na mtungi wa hewa wa akiba, kaka. Sola ni sola. Na ikitokea betri ikazima, nani atakuwa chumbani aufungue?"

Mteja alikuwa ameshainamia betri ya buluu, anasoma lebo huku akifuata mistari kwa kidole.

"Hii imeandikwa saa kumi na nne kwa mashine kama yangu."

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Na ile ya kijivu pale juu?"

"Ile nayo ni hizo hizo kumi na nne. Ila yenyewe hulia ikikaribia kuisha. Inalia mpaka jirani anaamka kuuliza nani kaibiwa."

"Hii ya buluu hailii?"

"Hailii."

Mteja aliitazama ile ya kijivu, imejaa vumbi. Akairudia ya buluu, akaipapasa kama mtu anayechagua mbuzi.

Paneli mbili walichagua upesi, na inveta ya kugeuza umeme vilevile. Binti akafungua kitabu cha risiti. Alikuwa akimwona yule mzee asiyemjua, amelala chali shambani kwake, anasikiliza mashine ikinguruma.

"Andika na saa zake, tafadhali," mteja alisema. "Dada yangu atasoma kila neno."

Binti aliandika *saa kumi na*, kalamu ikasimama. Akatazama mlangoni. Hakuna mtu.

"Kaka, nikikwambia neno, hutanitaja kwa tajiri wangu?"

"Sikutaji."

"Usiichukue hii. Ni kuukuu. Lebo nimeibandika mimi kwa mikono yangu hii. Itawaka saa moja, ikijikaza sana moja na nusu, kisha inazima kimya. Hata taa nyekundu haiwaki. Itamuua baba yako."

Alisubiri atukanwe. Alisubiri ngumi juu ya kaunta, na watu wajae mlangoni kushangaa. Kazi alijua imekwisha. Alichotaka sasa ni huyo mzee apone tu.

Mteja hakupaza sauti. Alijifuta paji la uso, na mabega yake yakashuka taratibu, kama ya mtu aliyetuliwa gunia.

"Umenisaidia sana, dada. Hujui tu. Nimezunguka maduka matano. Kila ninakoingia wananiapia kwamba betri yao haizimi."

Binti alishusha pumzi. Machozi yalimlengalenga. Alikwishapanda kwenye kigoda, anaivuta ile ya kijivu kutoka juu, vumbi linamwagikia usoni.

"Acha hiyo," mteja alisema nyuma yake. "Malizia risiti. Saa kumi na nne."

Binti aligeuka. Mteja alikuwa ameshaikumbatia betri ya buluu kifuani.

"Kaka, hukunisikia nilivyosema?"

"Nimekusikia. Ndiyo maana naitaka hii hii. Na wewe uliniuliza nani atakuwa chumbani ikizima." Aliiweka betri vizuri mikononi, kwa upole, kama mtoto aliyelala. "Nitakuwa mimi."